Maganda Juu ya Meko

Watu wa huku wana mambo. Kiangazi chote mti uko mlangoni na hakuna anayeutazama. Majani yakishakauka yakaanguka, wanayafagia, wanayatia kwenye mifuko na kuyaweka kando ya barabara yachukuliwe. Kisha wanakwenda dukani kununua majani ya plastiki ya kupamba sebule. Na maboga vilevile. Boga zima linakaa barazani hadi lioze, wala hakuna aliyefikiria kulipika. Nimeishi Minnesota miaka mingi na mpaka leo jambo hili linanikera.

Mapambo ya Keziah, hata hivyo, sikuwahi kuyacheka.

Keziah ndiye mwenye nyumba. Mimi ni mpangaji wake wa chumba cha chini, hapa Coon Rapids, tangu nilipoachana na mwanamume ambaye sina haja ya kumtaja. Yeye ni nesi wa zamu ya usiku, mimi nafua nguo kwenye makao ya wazee. Mumewe Gilbert anaendesha lori la masafa marefu. Leo yuko Texas, kesho yuko Idaho, na akirudi nyumbani analala kama mtu aliyepigwa rungu. Sote watatu tumetoka upande mmoja wa Kenya, kule magharibi, ndiyo maana tunavumiliana.

Oktoba ikiingia, Keziah alikuwa akishusha boksi kutoka kabati lake la nguo. Ndani yake mlikuwa na vitu alivyotengeneza binti yao, Nekesa. Shada la maganda ya mahindi lililozungushiwa waya. Kamba ya majani mekundu yaliyochovywa kwenye nta ya mshumaa. Bundi wa koni za msonobari, macho yake vifungo vya shati. Na vitoto vitatu vya magunzi vilivyovishwa maganda, kimoja hakina kichwa. Nekesa alivitengeneza akiwa na miaka minane. Februari iliyofuata alishikwa na homa ya uti wa mgongo, na wiki haikuisha tukamzika.

Nguo zake Keziah alizigawa. Vitabu vikarudi shuleni. Kitanda Gilbert alikifungua mwenyewe na kukipakia kwenye gari bila kumwambia mtu kinakwenda wapi. Vya kwenye boksi ndivyo pekee vilivyobaki ambavyo mikono ya mtoto yule ilivifanya, na Keziah alikuwa akivipanga juu ya meko ya sebuleni kama mtu anayemvisha mgonjwa nguo. Rafu ile ni ubao mpana mweupe, uko juu tu ya mahali pa kuwashia moto. Alikuwa akiviweka, anarudi nyuma, anatazama, anasogeza kidogo. Halafu anakwenda kulala. Ilikuwa sherehe yake peke yake na hakumkaribisha mtu.

Jina la mtoto halikutajwa ndani ya nyumba ile. Hakuna aliyelipiga marufuku waziwazi, lakini ukilitaja, Keziah alikuwa anainuka na kuondoka, hata kama sufuria iko motoni. Mimi nina maoni yangu juu ya hilo. Kwetu aliyekufa analiliwa, anasimuliwa, anatajwa mema yake na vituko vyake mpaka watu wanachoka. Ukimya ule uliniudhi, na mara nyingine ulinitia hofu. Lakini mpangaji hana kauli. Nikaufyata.

Mwaka huu visa ya mama yake Gilbert ikatoka. Aliiomba wakati wa msiba akanyimwa, na mjukuu akazikwa hapa kwenye theluji, nyanya yake akiwa Mumias anatazama mazishi kwenye simu. Alipofika alikuwa mwembamba kuliko nilivyotarajia, amevaa sweta mbili na kofia ya Gilbert. Nyanya tunamwita Kukhu, basi nami nikamwita hivyo. Kabla Gilbert hajaondoka tena na lori lake, alimketisha jikoni mbele yangu.

"Mama, nakuomba kitu kimoja. Usimtaje mtoto mbele ya Keziah. Bado hajapoa."

"Nimekuja kumpa pole, nisimtaje niliyekuja kumlilia?"

"Mama, tafadhali."

Akakubali. Ukiwa ugenini hata ulimi wako si wako.

Kukhu hakujua kukaa. Alifagia zulia kwa ufagio kwa sababu mashine ya kufagilia ilikuwa inamtisha. Alikunja nguo zilizokwisha kunjwa. Hita ya nyumba hakuiamini kabisa. Alikuwa akiweka kiganja kwenye tundu la sakafuni, anatikisa kichwa, anauliza ni joto gani hili lisilo na moto. Siku moja alisimama mbele ya meko akamwangalia yule bundi kwa muda mrefu.

"Peris, huyu anafanya nini ndani ya nyumba ya watu waliofiwa?"

Bundi kwetu si ndege wa kuchezea. Akilia juu ya paa, watu wanaanza kuhesabiana. Nilitaka kumweleza pale pale, ila Keziah alikuwa jikoni anaosha vyombo na kila neno alikuwa analisikia.

"Ni mapambo tu ya huku, Kukhu."

"Mapambo," akasema, kama mtu aliyetafuna kitu kichungu kwa adabu.

Jumamosi hiyo asubuhi simu yangu ililia kabla sijatoka kitandani. Ni Keziah.

"Peris, kuna mtu ame-call off, nimechukua shift yake. Nitafika kama saa tisa. Please umwangalie mama, asikae na njaa."

Nilimwambia asijali, nikajifunika tena. Haukupita muda nikasikia harufu ya moshi. Si moshi wa kitu kilichoungua, ni moshi wa jikoni, wa nyumbani, ule wa kushika kwenye nguo. Kwa dakika nzima nililala nikiufurahia kama mjinga. Kisha nikakumbuka niko wapi, nikapanda ngazi mbio.

Kukhu alikuwa ameketi kwenye kigoda cha Keziah cha kufungia viatu, miguu ameielekeza motoni, na meko inawaka vizuri. Kile chuma cha kufungua njia ya moshi alikuwa amekigundua mwenyewe. Rafu ya juu ilikuwa tupu. Alikuwa ameipangusa kwa kitambaa kibichi na bado ilikuwa inang'aa maji.

"Kukhu, vile vitu vilivyokuwa hapa juu viko wapi?"

"Vya uchagani? Si ndivyo nimewashia moto. Vilikuwa vimekauka vizuri, sijaona. Kuni zenu zile za nje ni mbichi, bila yale maganda zisingeshika." Alikuwa amechangamka kuliko siku zote nilizomwona. "Mke wa mwanangu anafanya kazi usiku kucha, anarudi kwenye baridi, anakuta nyumba haina moto. Leo ataona kuna mtu."

"Na bundi?"

"Huyo nilimtanguliza."

Naomba usimhukumu haraka. Mimi nimekulia Vihiga na ninajua alichokiona. Katika jikoni zetu za mafiga, juu ya moto huning'inizwa uchaga, kitanda cha fito. Hapo juu ndipo unapoweka kuni zilizonyeshewa, magunzi, maganda, na mbegu ya mwaka kesho ili moshi ufukuze dumuzi. Mvua ikinyesha unainua mkono, unachomoa, unachochea. Kikavu kilicho juu ya moto ni cha moto; mtoto wa miaka mitatu analijua hilo. Na kitoto cha gunzi ni mchezo wa msimu. Watoto wanavitengeneza mahindi yakivunwa, jioni vinalala chini ya chungu, na hakuna anayelia kwa sababu mwakani kuna mahindi mengine. Nimechoma vyangu vingi tu.

Nilijua yote hayo, na bado hasira ilinipanda mpaka masikio yakawa moto. Sikuwa na mtu wa kumkasirikia, ndiyo maana nikasema kwa ukali nisiokusudia.

"Vilikuwa vya Nekesa. Alivitengeneza yeye. Keziah hana kingine cha mtoto, ni hivyo tu."

Kukhu alinitazama. "Nekesa wetu?"

"Wenu."

Alishuka kwenye kigoda, akapiga magoti, akauingiza mkono ndani ya moto. Nilimshika mabega nikamvuta, na alikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani. Alichotoka nacho ni waya wa lile shada, umekuwa mweusi, na vidole vitatu vimebabuka. Nilimkokota hadi kwenye sinki nikamfungulia maji baridi. Maji yalikuwa yanapita juu ya vidole vyake na yeye anatazama ukuta.

"Hata vile vitoto ni yeye?"

"Vyote ni yeye."

"Mimi ndiye niliyemfundisha," akasema. "Kwenye hiyo simu ya picha. Mimi naketi na magunzi yangu Mumias, yeye anaketi na yake huku. Lakini simu ilikuwa inanionyesha uso wake tu, Peris. Mikono ilikuwa chini. Kama ningekuwa nimeiona ile mikono ikifanya kazi, leo ningeitambua."

Nilimfunga vidole kwa bendeji ya Keziah. Nilidhani sasa atalia, nikavuta kiti nikae naye. Badala yake aliuliza Keziah anarudi saa ngapi, na mahindi yanapatikana wapi.

"Kukhu, usianze. Tutamwambia ukweli. Ataumia, lakini atajua haikuwa makusudi."

"Nimekuja kumpa pole, nimemuulia mtoto mara ya pili. Na huo ukweli ndio nikamwambie akiwa anavua viatu?" Alikuwa amekwisha kuchukua kofia ya Gilbert. "Nitafutie mahindi."

Nilijua ni upuuzi. Mama aliyevitazama vitu vile kila Oktoba kama anavyovitazama yeye, unamdanganya na nini? Lakini kulikuwa na kitu usoni mwa yule mzee ambacho sikuweza kukikatalia, na kusema kweli mimi pia niliogopa saa tisa. Nikachukua funguo za gari.

Mlangoni pa duka la vyakula msimu huu huwa wanauza mahindi makavu ya rangirangi, mekundu, ya zambarau, yamefungwa matatu matatu na maganda yake. Si ya kula, ni ya kutundika mlangoni. Kukhu aliyabonyeza kwa ukucha, akaguna.

"Haya hata kuku atayaruka."

Ndiyo utani pekee tulioupata siku ile. Tulirudi, akaniagiza maji ya uvuguvugu, akaloweka maganda yasipasuke yakikunjwa. Punje akazipukuchua kwa mkono uliokuwa mzima. Kisha akaanza. Sijaona mtu mwenye vidole vilivyoungua akifanya kazi namna ile. Ganda linakunjwa, linafunikwa juu ya gunzi, uzi unapita mara moja, mara mbili, unakazwa kwa meno, na tayari kuna shingo, kuna kiuno, kuna sketi. Shada akalisuka juu ya ule ule waya mweusi baada ya kuupangusa masizi. Mimi nilitoka nje kuokota majani, nikayeyusha mshumaa, nikayachovya moja moja. Bundi, Kukhu alikataa kumgusa, ikabidi nimtengeneze mimi kwa koni za mti wa jirani. Alitoka kama kuku aliyenyeshewa.

Tulipanga kila kitu nilivyokumbuka. Kamba ya majani inaanzia kushoto, shada katikati, bundi pembeni, vitoto vitatu vimeegemeana. Kimoja Kukhu alikitoa kichwa, kwa sababu nilimwambia kilikuwa hivyo. Nilirudi nyuma nikatazama, na Mungu anisamehe, nilidhani tumefaulu.

Keziah aliingia na koti lake juu ya nguo za kazi, macho mekundu ya kukesha. Alivua viatu mlangoni. Akahisi joto, akasimama.

"Nani amewasha moto?"

"Mimi," Kukhu akasema. "Uko baridini tangu jana."

"Asante, mama." Akaja mbele ya meko, akanyoosha viganja. Uso wake ulilegea kidogo, na nikafikiri, huyu mwanamke ni lini mara ya mwisho mtu alimwashia moto. Niliona huruma iliyochanganyika na aibu. Kukhu alikuwa ameficha mkono wake wa bendeji ndani ya sweta.

Kisha Keziah akainua macho.

Hakutazama shada wala bundi. Alichukua kitoto kimoja, akakigeuza, akapitisha kidole gumba shingoni pale uzi ulipozungushwa. Akakitikisa. Akakichukua cha pili akakitikisa pia.

"Hivi ni vizuri," akasema taratibu. "Vimefungwa na mtu anayejua. Vyake vilikuwa vinaachia shingo. Kila mwaka nilikuwa navifunga upya kabla sijaviweka, na kabla ya Thanksgiving ya Novemba vimeshaachia." Akavirudisha juu ya rafu kwa uangalifu kana kwamba vingeweza kuumia. "Vyake viko wapi?"

Alitutazama, akautazama moto, kisha akautazama mkono wa Kukhu uliojificha, na sikuhitaji kusema kitu.

"Nilidhani ni kuni," Kukhu akasema. "Mwanangu, nilidhani ni uchaga."

"Najua, mama."

"Nilidhani umeviweka vikauke."

"Najua. Hata sisi nyumbani tulikuwa na uchaga."

Ningependa angepiga kelele. Ningependa amtukane mtu, anitukane mimi, avunje kitu. Mtu aliyeibiwa anamtafuta mwizi, naye anapata pa kuitua hasira. Keziah hakuachiwa hata hilo. Alichokipoteza kimechomwa na upendo, kwa kosa ambalo hata yeye angelifanya kama angekuwa ametoka Mumias juzi. Alishusha vitu vyetu kutoka kwenye rafu kimoja kimoja, vitoto, shada, kamba ya majani, hata bundi wangu wa kutia aibu, akaviweka mapajani mwa Kukhu.

"Hivi ni vyako, mama. Umevifanyia kazi."

Halafu akaketi sakafuni, mgongo ameupa moto, koti bado amelivaa. Ubao mweupe ulibaki juu yake hauna kitu. Nilitaka kwenda chini kwenye chumba changu na sikuweza. Tulikaa hivyo mpaka kuni moja ikaporomoka na Kukhu akainuka nusu ili kuichochea, akaona haya, akakaa tena.

Ndipo Keziah akauliza bila kugeuka, "Peris amekuonyesha vilivyokuwa?"

"Alinionyesha pa kuviweka."

"Kuvitengeneza nani alikuonyesha?"

Kukhu alinitazama. Katazo la Gilbert lilikuwa bado linamfunga. Nikamwashiria kwa kichwa aseme. Nilikuwa nimechoka na makatazo ya nyumba ile.

"Mimi ndiye niliyemfundisha Nekesa," akasema. "Kwa simu. Jumamosi."

Jina lilitajwa na Keziah hakuinuka.

"Jumamosi gani?"

"Jumamosi zote za msimu ule. Kwetu jua linapoa, huku ni asubuhi."

"Jumamosi asubuhi mimi niko nyumbani. Nimetoka kazini, niko chumbani." Alikuwa anaongea polepole kama anayetafuta kitu gizani. "Sikuwahi kuwasikia."

"Hukutusikia."

"Alikuwa anasema nini, mkivifunga?"

Kukhu alikishika kitoto kisicho na kichwa, akakilaza na vingine, akanyoosha maganda ya sketi yake kwa kidole kizima.

"Hakuwa anasema mengi. Mimi ndiye mwenye sauti kubwa, unanijua. Kila nikisema, alikuwa ananinyamazisha. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Anaweka kidole mdomoni hivi, anasema, 'Kukhu, ongea kidogo. Mami amechoka, analala.'"

Keziah aligeuka akamtazama mkwewe kwa mara ya kwanza tangu aketi.

"Sema tena," akasema.

Kukhu akasema tena, kidole mdomoni. Keziah akamwambia arudie, naye akarudia.